Maji ya Jumapili

Simeon Githae alimwahidi mkewe kwamba Jumapili hiyo hatakanyaga mtoni, na wakati anaahidi hakuwa anadanganya. Uongo ulikuja wenyewe saa kumi na moja alfajiri, akiwa amelala chali, usingizi umemhama, anahesabu mbao za dari kwa mara ya tatu.

Siku hiyo walikuwa na wageni, tena si wale wa chai na mandazi. Wazee wa kina Kitonga, kijana aliyetaka kumwoa Lynn, walikuwa wanatoka Ngoliba, kule chini ya Thika, kuja Membley kubisha hodi kwa mara ya kwanza. Lynn ni mtoto wao wa pekee. Kwa hiyo Tabby, mama yake, alikuwa ameikimbiza nyumba nzima kwa wiki tatu: mbuzi, viti vya kukodi, mapazia mapya, hata mbwa aliogeshwa. Jumamosi jioni alimkalisha mumewe jikoni akampitisha kwenye utaratibu, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na kutaka arudie maneno.

"Baba Lynn, wanaingia saa sita. Wanakaa, wanapewa chai, hakuna mtu wa kuwauliza chochote. Wewe ndiye unauliza wametafuta nini hapa. Wakishajibu, Lynn anaitwa, unamuuliza kama anawajua hawa watu. Akisema anawajua, basi, tunakula."

"Hayo nayajua. Mimi si mgeni wa mila."

"Mila unajua. Ni miguu yako siiamini. Kesho hakuna mambo ya kaboti kako mtoni."

"Sitaenda," akasema Githae.

Tabby alikuwa na sababu ya kusisitiza. Katika mambo haya baba ndiye mlango. Asipokuwepo, hakuna wa kuuliza, na pasipoulizwa hakuna wa kujibu. Wageni hunywa chai yao, wakaangalia saa, wakainuka, na kila mtu akaelewa. Baba asiyemtaka mkwe si lazima afungue mdomo. Hukosekana tu. Baba mdogo wa Githae alifanya hivyo zamani: siku ya wageni akaenda kutafuta ng'ombe aliyepotea, na ng'ombe mwenyewe alikuwa zizini akicheua. Watu wa ukoo huicheka hadithi hiyo mpaka leo, wote isipokuwa yule binti, ambaye sasa ni mama mzima na bado haoni cha kuchekesha.

Na Githae hakuwa msafi kabisa katika jambo hili. Mwezi wa kumi na moja, Lynn alipomleta Kitonga nyumbani, mzee alikuwa amesema kwamba kijana ni mzuri, lakini Ngoliba ni mbali na jua lake ni kali. Alisema mara moja tu. Lynn alisikia, na mtoto yule hasahau.

Basi saa kumi na moja na nusu alikuwa amevaa, kimya kimya, soksi mkononi. Simu aliiacha kwenye chaji kando ya kitanda. Alijiambia kwamba maji yangeiharibu, ingawa ule mfuko wa plastiki wa kuikinga ulikuwa siku zote ndani ya gari. Masaa mawili, alisema moyoni. Saa tatu niko bafuni, saa nne niko kwenye suti. Getini mlinzi wa usiku alimpungia mkono, naye akatoka na Probox yake, kayaki, kale kaboti, imefungwa juu kwa kamba.

Kayaki hiyo ilikuwa ya rangi ya machungwa na Lynn mwenyewe ndiye aliyemnunulia baba yake siku mzee alipostaafu, kutoka kwa hoteli moja ya Naivasha iliyokuwa ikiuza vitu vikuukuu. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mkikuyu wa miaka sitini na mmoja, ambaye mama yake alimlea akijua kwamba samaki ni binamu wa nyoka, ameketi ndani ya kitu kama ganda la maharagwe akivua. Na kweli samaki hakuwahi kuonja. Alichovua alimpelekea mama mmoja wa kukaanga pale Kiuu. Yeye alichopenda ni kule kukaa. Ofisini aliulizwa maswali kwa miaka thelathini na minne. Mto haukuwahi kumuuliza hata moja.

Mto wenyewe ni Ruiru, pale unapoingia katika shamba moja kubwa la kahawa. Wenye shamba waliujengea ukuta, maji yakatuama nyuma yake yakawa kidimbwi kirefu chenye matete, na kando ya ukuta wakaweka pampu ya kunyweshea kahawa wakati wa kiangazi. Watu wa Mombasa maji yao hupwa na kujaa kwa amri ya mwezi. Mwezi wa Githae ulikuwa pampu. Ikiwashwa asubuhi, maji hushuka saa baada ya saa mpaka tope la kando linakaa wazi. Ikizimwa jioni, mto unajaza usiku kucha na alfajiri umeshiba tena. Aliijua ratiba hiyo kuliko alivyojua siku za kuzaliwa za ndugu zake. Na sheria ya kwanza ya ratiba hiyo ilikuwa kwamba Jumapili pampu hailii. Jumapili ni ya Mungu, mtambo unapumzika, maji yanabaki pale pale kutwa nzima. Mwaka huu mgongo ulikuwa umemsumbua Januari yote, kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa Jumapili yake ya kwanza mtoni tangu kiangazi kianze. Hakuona kwamba hilo lingebadilisha chochote.

Saa kumi na mbili na robo alikuwa juu ya maji. Kulikuwa na ubaridi na ukungu mwembamba, na kasia liliingia majini bila kelele. Alivua tilapia wawili wadogo akawarudisha. Akafikiria lile swali ambalo angemuuliza Lynn mbele ya watu, akalirudia kwa sauti ndogo ili ulimi ulizoee. "Lynn, unawajua hawa?" Sauti ilikatika katikati. Akajaribu tena, ikakatika palepale, akaona heri avue.

Saa moja na nusu injini ililia upande wa ukuta.

Hapa ndipo Githae alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu wa kanisa. Aliisikia vizuri kabisa. Alisimamisha kasia akasikiliza, kisha akasema moyoni kwamba ile ni jenereta ya kanisa la hema, lile lililohamia ng'ambo ya kahawa mwaka jana, wanapasha vipaza sauti moto. Jumapili asubuhi, injini ingekuwa nini kingine? Akatupa ndoano tena.

Kidogo ndoano ikashikwa na kitu kizito. Hakikuruka wala kupiga kelele, kilianza tu kutembea, na kayaki ikakifuata. Githae alikuwa hajawahi kuvutwa. Kambare yule alimpeleka taratibu mpaka kwenye mkono wa nyuma wa kidimbwi, ule mwembamba uliozungukwa na matete, na huko wakashindana karibu saa nzima. Alipompandisha, kambare alikuwa na urefu wa mkono mzima na sharubu za kiongozi wa chama. Githae alicheka peke yake kwa furaha. Kwa muda ule wote hakuwa amemfikiria Lynn, wala Ngoliba, wala swali.

Alipogeuza kayaki kurudi, kasia liligonga tope.

Aliangalia matete. Mashina yalikuwa yamelowa mpaka juu, mkono mzima juu ya maji. Akaangalia mdomo wa ule mkono wa mto, alikoingilia, akaona utando wa tope jeusi unang'aa juani. Alisukuma kwa kasia, kayaki ikasogea kidogo, ikakaa. Aliteremsha mguu mmoja. Ukazama mpaka paja bila kukuta chini, na alipouvuta ulirudi bila kiatu.

"Ngai, Mungu wangu," akasema, na akakaa.

Saa yake ya mkononi ilisema saa tatu na dakika ishirini. Alipiga kelele mpaka koo likakauka, lakini injini ilikuwa inalia na hakuna kilichopita juu yake. Saa nne, saa ambayo angekuwa anafunga tai, maji ya mwisho yaliondoka chini ya kayaki na kuacha visamaki vinarukaruka. Saa tano jua likamshika utosini. Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa, na haikuwa hofu ya tope. Aliiona nyumba yake jinsi Lynn angeiona: kitanda kitupu, suti kwenye hanga, viatu vimepigwa rangi, simu kwenye chaji. Baba ambaye alikuwa amesema Ngoliba ni mbali. Hata yeye mwenyewe angeambiwa habari hizo za mtu mwingine, angesema mzee amekataa.

Saa sita kasoro injini ilipunguza mlio, na mtu mwenye gambuti na ovaroli akateremka ukutani kuondoa majani kwenye chujio la pampu. Githae alisimama ndani ya kayaki akapunga kasia kwa mikono miwili.

"We mzee," mtu yule akaita, "huko umefikaje?"

"Wewe ndiye nani? Mbona unapampu Jumapili?"

"Naitwa Aoko. Nimeanza hii kazi mwezi wa kwanza." Alisogea mpaka ukingo wa tope, kama hatua themanini hivi kutoka kwa Githae. "Mimi Jumamosi huwa sifanyi. Ni Sabato. Tuliongea na meneja, akasema sawa, basi Jumapili utafidia hiyo siku."

Githae aliteremsha kasia. Katika maisha yake yote alikuwa amewajua Wasabato, alifanya kazi nao, alizika nao, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba mmoja wao angeweza kuushika mto mkononi.

"Zima pampu, ndugu yangu. Leo nina wageni. Msichana wangu anachumbiwa."

"Hata nikizima saa hii, maji yatarudi huko saa moja jioni. Wageni ni wa saa ngapi?"

"Wa saa hii."

Aoko alivua kofia akakuna kichwa. Alikuwa mtu wa ziwa, kwao ni karibu na Kendu Bay, na tope alilijua. "Basi sikiza. Usitembee. Ukitembea nitakuja kukuchimbua. Toka ndani ya hiyo kitu, ulalie kwa kifua, mikono ishike kamba za kando, halafu upige miguu kama chura. Pole pole. Hiyo boti ndiyo itateleza, wewe uende nayo."

Ndivyo Githae, mzee wa kanisa, alivyolala kifudifudi juu ya kayaki na kupiga miguu kama chura. Kila teke lilimpeleka kipimo cha kiatu, na kiatu chenyewe alikuwa hana. Tope liliingia kwenye masikio, kwenye mifuko, chini ya jaketi la kuelea. Mara mbili alipumzika akidhani moyo utasimama. Aoko alitembea ukingoni sambamba naye akisema, "Hivyo hivyo, mzee, piga, piga," na mwisho akamrushia mpira wa kunyweshea, akamvuta hatua za mwisho peke yake. Ilikuwa imepita saa nzima na nusu.

Githae alipotia mkono mfukoni, funguo za gari hazikuwemo. Aliangalia nyuma, ule mfuo mrefu alioukata katika tope, na hakuhitaji kuambiwa.

"Nipe simu yako nipige," akasema.

Aoko alimpa. Githae aliishika, kidole kikakaa juu ya vitufe, na hakuna namba iliyokuja. Namba ya Tabby alikuwa hajaibonyeza kwa mkono tangu simu zianze kuweka majina. Akairudisha, imejaa tope.

"Kaa na kayaki," alisema. "Na huyo samaki mchukue."

Aoko alimchungulia kambare akatikisa kichwa. "Huyu hana magamba, mzee. Sisi Wasabato hatuli."

"Hata mimi sili."

Wakaangaliana. Githae akamteremsha kambare kwenye maji ya ukutani, akaenda zake na kiatu kimoja, kisha akaona kiatu kimoja kinamchelewesha, akakitupa.

Kutoka hapo mpaka barabarani ni kahawa tupu, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye viatu. Bodaboda wa kwanza alimwangalia akaongeza mwendo. Wa pili vilevile. Wa tatu alisimama, akamzunguka kwa macho, akasema atambeba akikalia gunia, na kwamba atalipwa kwanza. Githae hakuwa na shilingi. Alivua jaketi la kuelea akampa.

"Hii ni ya nini?" kijana akauliza.

"Ya kuokoa maisha. Twende Membley."

Walifika getini saa tisa na dakika ishirini. Nissan nyeupe ya kukodi ilikuwa upande wa ndani wa kizuizi, inatoka, imejaa wazee wa suti na akina mama wa leso mabegani. Kando ya dirisha la mbele walikuwa wamesimama Kitonga na Lynn. Lynn alikuwa amevaa nguo aliyoshonewa na fundi wa Thika kwa siku hiyo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia akanawa.

Githae akakimbilia kizuizi. Mlinzi wa mchana alikuwa mpya, ana siku nne kazini, akamwekea rungu kifuani.

"Pole pole, mzee. Vibarua ni geti la nyuma, na si leo."

"Mimi naishi hapa. Nyumba sabini na mbili."

"Wa sabini na mbili ametafutwa tangu saa sita. Hayuko. Hawa ni wageni wake na wanaenda."

Mlango wa gari ulifunguliwa akashuka mzee mrefu mwembamba, kofia mkononi. Huyo alikuwa Nzioka, kaka mkubwa wa baba yake Kitonga, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alimtazama Githae kuanzia nywele mpaka kwenye vidole vya miguu vilivyokuwa vinavuja damu kidogo. Aliangalia tope kwa muda mrefu, kwa macho ya mkulima.

"Huyu ametoka kwa bwawa," akasema kwa wenzake. "Na ametambaa." Lakini hakumsalimu wala kumuuliza jina. Alikuwa mgeni ambaye bado hajaulizwa alichotafuta, na mtu wa namna hiyo hana ruhusa ya kuuliza. Akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Mlinzi naye alitaka kumaliza kazi yake. Akamgeukia Lynn.

"Madam, huyu unamjua?"

Lynn aligeuka. Alimtazama baba yake, na Githae aliyaona macho yale yakipita kwenye kila kitu alichokuwa amekiwaza kule topeni, kitanda, suti, simu.

"Dad," akasema Lynn, "ulitaka usifike?"

Githae alikuwa na maelezo tayari. Njia nzima juu ya gunia alikuwa ameyapanga: pampu, Msabato, funguo. Yote yalikuwa kweli. Akayaacha.

"Kufika nilitaka," akasema. "Nilitaka masaa mawili tu kwanza. Nilikuwa naogopa lile swali, kwa sababu jibu lako nalijua. Halafu maji yakaenda. Nimekuja kwa tumbo, mama. Nimepiga miguu kama chura mbele ya mtu mzima."

Mdomo wa Lynn ulicheza upande mmoja. Akajifuta jicho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Namjua," akamwambia mlinzi. "Ni baba yangu. Fungua."

Kizuizi kikapanda, Nissan ikageuza. Tabby aliwapokea mlangoni akiwa bado na aproni. Alimwangalia mumewe, maneno akayaweka. Yale yalikuwa ya usiku, wageni wakishaondoka. Alimkataza tu kukanyaga zulia. Akaleta kiti cha plastiki akakiweka kibarazani, mbele ya mlango wa sebule, akamtupia taulo mabegani, na wazee wa Ngoliba wakaketi tena kwenye viti walivyokuwa wameviacha. Kuoga kungengoja. Nyama ya mbuzi ilikuwa imepoa na jua lilikuwa linaenda, na safari ya Ngoliba si fupi, kama Githae mwenyewe alivyokuwa amesema.

Akawauliza wametafuta nini. Nzioka alisimama akasema maneno yake bila kupunguza hata moja, kana kwamba ni saa sita mchana na mwenye nyumba ana tai. Kisha Lynn akaitwa, akaja akasimama kati ya sebule na kibaraza.

"Lynn," Githae akasema, "unawajua hawa?"

Sauti haikukatika.

"Nawajua, Dad."

Alikuwa ameliogopa jibu hilo tangu mwezi wa kumi na moja. Sasa lilikuja, na halikumpeleka mtoto popote. Alikuwa amesimama palepale, na nusu saa iliyopita, mbele ya watu hao hao, alikuwa amesema hivyo hivyo juu ya baba yake.

"Basi tule," akasema Githae, na Tabby akaenda kupasha nyama moto.